Chai ya "kusafisha mapafu" ni kuibiwa mchana

Wasee, kabla hujatuma M-Pesa, ngoja kwanza. Hizi video za "nusu ya vijana wa Nairobi tayari wana seli za kansa kwa mapafu, lakini chai yangu inazitoa" zinaniudhi. Nusu? Nani alihesabu?

Seli zilizobadilika kabla ya kuwa saratani hazionekani kwa macho, wala huzisikii ukikohoa. Zile za njia ya hewa zinataka daktari akuingize kamera nyembamba mpaka ndani ya kifua, akate kipande kidogo, kiende chini ya hadubini. Hakuna mtu anafanyia mtaa mzima hivyo. Hakuna aliyepita hapa Satellite na Kawangware akiingiza watu kamera, kwa hivyo mwenye kukupa asilimia ya Nairobi ameitoa mfukoni.

Wenye waliangalia kweli waliangalia maiti. Marekani, daktari Oscar Auerbach na wenzake walikata mapafu ya wanaume waliokufa, wakasoma vipande maelfu kwa maelfu, wakachapisha 1961. Kwa wavutaji wa sigara nyingi, seli mbovu zilikuwa karibu kila mahali. Kwa wasiovuta kabisa, chache sana. Halafu, na hii ndiyo wauza chai hawatakuambia, kwa walioacha sigara miaka kadhaa kabla ya kufa, zilikuwa zimepungua sana. Bila chai. Mwili wenyewe.

Sasa utasema, basi niende nikapigwe CT. Bana, tulia. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2011 ulichukua wavutaji sugu zaidi ya 53,000, wenye miaka 55 hadi 74. CT ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa 20%, hiyo ni poa. Lakini karibu kipimo kimoja kati ya vinne kilionyesha kitu, na zaidi ya 95% ya hivyo vitu havikuwa saratani. Wewe una miaka 21. Utalipa pesa nyingi ndio ulale ukiogopa kovu la homa ya zamani.

Cha kuogopa kiko hapa nje. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017 na bado inavutwa wikendi, kila mtu anajua wapi. Moshi wa dizeli umeorodheshwa na shirika la WHO la utafiti wa saratani kama chanzo cha kansa tangu 2012, hewa chafu ya nje tangu 2013, na sisi tunasimama Naivasha Road tukingoja matatu huku mtu anachoma takataka za plastiki nyuma yetu. Hiyo hakuna anayeifanyia video, kwa sababu haina kitu cha kuuza.

Na kama kuna mzee kwenu anakohoa miezi, amepewa dawa za TB na hapati nafuu, usimnunulie majani. Saratani ya mapafu hapa kwetu hudhaniwa TB mara nyingi, mpaka inachelewa. Mrudishe hospitali, muulize daktari kama makohozi yalipimwa na yakaonyesha nini. Ile pesa ya chai iwe ya nauli na eksirei.