Goma: Kuongeza prosesa kwenye kompyuta hakuwaongezei wahami robine

Kwenye maeneo ya wahami pembeni mwa mji wa Goma, mama anatoka asubuhi na bidoni ya litri 20 mgongoni na kukuta foleni imekwisha kumtangulia. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya misaada yenyewe yanasema yanazifuata, zinataka kila mtu apate angalau litri 15 za maji kwa siku, robine moja isihudumie watu zaidi ya 250, na mtu asingoje maji zaidi ya dakika 30. Lakini kabla robine haijawekwa, lazima plani ichorwe: bomba litapita wapi, tanki litakaa juu ya kilima gani, vyoo vitakuwa umbali gani na maji. Goma ni mji wa mawe ya volkano. Hapa hakuna anayechimba ovyo. Plani ikichelewa, mafundi wanakaa, na foleni inaongezeka.

Kwenye biro nyingi, sababu inayotolewa ni moja: kompyuta ni nzito, tunangoja mashine mpya. Mashine hiyo inayongojewa ni ile kubwa ya bei kali, yenye prosesa mbili ndani, kila moja na viini vingi. Wakubwa wanaamini kwamba mashine yenye viini 16 itachora mara 16 haraka kuliko yenye kiini kimoja. Wanakosea, na kosa lao linalipwa kwa pesa iliyoombwa kwa jina la wahami.

Kila msikilizaji anaweza kuelewa jambo hili, hata asiyewahi kugusa kompyuta. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu ndani ya mashine. Zamani ilifanya kazi moja kwa wakati mmoja. Siku hizi chipu moja ina viini kadhaa, na kila kiini ni kama mfanyakazi anayejitegemea. Sasa chukueni robine moja yenye foleni. Mkileta vijana kumi wenye bidoni kumi, maji yatatoka haraka zaidi? Hapana. Robine ni ile ile moja. Vijana tisa watasimama wakitazama.

Ndivyo ilivyo kwa AutoCAD, programu inayotumiwa na wachoraji wengi wa plani. Ilitoka mwaka 1982, wakati kompyuta ya mezani ilikuwa na prosesa moja tu, na hadi leo sehemu kubwa ya kazi yake inapita kwenye kiini kimoja. Si kwamba watengenezaji wake ni wavivu. Plani ni faili moja, na kila amri inategemea ile iliyotangulia: huwezi kukata mstari ambao haujachorwa, wala kusogeza bomba ambalo kiini kingine kinalifuta wakati huo huo. Viini viwili vikiandika mahali pamoja bila mpango, faili inaharibika.

Kuna sehemu chache ambapo msaada wa kiini kingine unakubaliwa. AutoCAD ina mpangilio unaoitwa WHIPTHREAD. Ukiandikwa 0, msaada umezimwa. Ukiandikwa 3, kiini kingine kinasaidia pale mchoro unapohesabiwa upya na pale unapoonyeshwa upya kwenye kioo, kwa mfano mchoraji anapokuza picha au kuipunguza. Ni vizuri kuujaribu, kwa sababu haugharimu hata franka moja. Lakini msaada wenyewe unaishia hapo. Hakuna mpangilio wa siri utakaofanya viini vyote 16 vichore bomba moja.

Anayebisha afungue kwenye Windows ile orodha ya kazi zinazoendelea, kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, kisha aipe programu amri nzito. Kwenye mashine inayohesabu viini 16, ataona kazi imesimama karibu na asilimia 6. Mkubwa wa biro akiona hivyo anasema mashine imelala, au mchoraji ndiye mvivu. Ukweli ni kwamba mia ikigawanywa kwa 16 inakaribia 6: kiini kimoja kinatoka jasho na 15 vinapumzika. Vijana wengi wachoraji wanagombezwa kwa uvivu usio wao.

Hesabu ya jambo hili ilielezwa tangu mwaka 1967 na mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl. Tuseme kazi inachukua dakika 60, na dakika 45 kati ya hizo haziwezi kugawanywa. Zinabaki 15. Mkizigawa kwa viini 15, zitakuwa dakika moja. Jumla ni dakika 46. Mmelipa viini kumi na tano, mmepata robo saa bila dakika moja. Mkinunua viini mia, dakika 45 zitabaki pale pale.

Lililo baya zaidi ni kwamba mashine zenye prosesa nyingi mara nyingi zina viini vyenye mwendo mdogo, kwa sababu chipu zenye viini vingi hupunguziwa kasi ili zisichome. Kwa mchoraji wa AutoCAD, kompyuta ya kawaida yenye viini vichache vyenye mbio inaweza kuishinda ile ya gharama. Tena, mtu akinunua mashine ya chipu mbili na kuiwekea Windows ya nyumbani, ile inayoitwa Home, chipu ya pili haitatumika kabisa, maana Windows hiyo inakubali chipu moja tu. Na umeme? Chipu moja ya namna hiyo inaweza kumeza wati 100 na zaidi. Siku umeme unapokatika, ni jenereta inayolipa.

Kuna watakaosema viini vingi vina faida yake. Ni kweli, na haifai kuificha. Anayetengeneza picha ya nyumba inayoonekana kama ya kweli kwa programu kama Blender anafaidi kila kiini, kwa sababu picha inakatwa vipande na kila kiini kinachukua chake. Anayeunganisha mamia ya picha za droni ili kupata ramani ya eneo anafaidi pia. QGIS, programu ya ramani isiyolipishwa, inaweza kuchora tabaka nyingi kwa pamoja, kila moja na kiini chake, mradi sehemu hiyo iwashwe kwenye mipangilio. Biro inayofanya kazi hizo kila siku ina haki ya kuomba mashine kubwa. Lakini biro inayochora mabomba na vyoo haiombi kwa sababu hiyo. Inaomba kwa sababu muuzaji alitaja namba kubwa na mfadhili alipenda kuiona kwenye orodha.

Wakati huo dawa iko ndani ya biro. Plani nyingi ni nzito kwa uchafu: tabaka zilizonakiliwa kutoka plani za zamani, mistari iliyolaliana, picha kubwa ya satelaiti iliyobandikwa nzima wakati panahitajika kilima kimoja. Amri ya PURGE inatoa visivyotumika. OVERKILL inafuta mistari iliyorudiwa. AUDIT inatafuta makosa ya faili na kuyarekebisha. Ramu ikiwa ndogo iongezwe, na diski ya zamani inayozunguka ibadilishwe kwa SSD. Plani ikiwa tayari, uchapishaji upelekwe nyuma, ili mchoraji aendelee na kazi nyingine. Na kama kuna plani 20 za kuchapishwa, zigawanywe: AutoCAD ina sehemu inayofanya kazi bila dirisha, accoreconsole, ambayo inaweza kufunguliwa mara kadhaa kwa pamoja, kila moja na faili yake. Hapo viini vinapata kazi kweli, kwa sababu sasa robine ni nyingi na foleni imegawanywa.

Mambo hayo yanamtaka mtu anayejua kazi, apewe muda na asikilizwe. Lakini mchoraji ndiye wa mwisho kuulizwa wakati vifaa vinanunuliwa. Orodha inaandikwa na asiyechora, inakubaliwa na asiyechora, na mashine ikifika anayechora analaumiwa kwamba bado hana haraka.

Basi wafadhili na wakubwa wa biro waulize maswali matatu kabla ya kutia sahihi. Programu yetu inatumia viini vingapi kwa kazi tunayofanya kila siku? Je, plani yetu wenyewe imejaribiwa kwenye mashine hiyo, na saa ikapimwa mbele ya mchoraji? Na tofauti ya bei ingeweka robine ngapi? Muuzaji asiyeweza kujibu la kwanza na kukubali la pili, arudishe mashine yake dukani. Swali la tatu si lake. Wenye kulijibu ni wale wanaoshika pesa, na wanapaswa kulijibu mbele ya kamati za wahami wenyewe.

Kipindupindu hakingoji mashine mpya. Kinaingia pale watu wanapochota maji machafu kwa sababu safi yako mbali au foleni ni ndefu. Mama mwenye bidoni hajui prosesa ni nini, wala halazimiki kujua. Anajua tu kwamba aliambiwa robine itawekwa, na kila asubuhi anapopita pale, hakuna hata mtaro uliochimbwa.