UDUGU WA BARABARANI

Kila mwaka maelfu ya watu hukimbia karibu kilomita 90 za vilima kati ya Durban na Pietermaritzburg, Afrika Kusini, katika mbio ziitwazo Comrades, yaani Ndugu. Mbio hizo ziliasisiwa mwaka 1921 na Vic Clapham, kuwakumbuka askari wenzake waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Clapham mwenyewe alipigana katika ardhi hii yetu, ilipokuwa chini ya Wajerumani. Katika vita hiyo hiyo walikufa makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika.

Mwafrika hakuhesabiwa kuwa ndugu. Mwaka 1935 Robert Mtshali alikimbia hadi mwisho, asitambuliwe rasmi kwa sababu ya rangi yake. Watu weusi na wanawake hawakuruhusiwa mpaka mwaka 1975, miaka 54 baada ya mbio kuanza. Mwaka 1989 Sam Tshabalala akashinda, makaburu wangali madarakani.

Tunayakumbusha haya kwa sababu mbio hizo siku hizi zina sifa nyingi, nazo ni za haki. Lakini wanaozisifu wasisahau kwamba udugu huo haukuletwa na jina; uliletwa pia na waliokimbia bila ruhusa. Leo wananchi hujipanga kandokando ya barabara kutwa nzima, wakiwashangilia wageni wasiowajua. Wakimbiaji humshika mkono mwenzao aliyelegea, hali wakijua kwamba saa 12 zikitimia bunduki italia, na aliye hatua moja nyuma ya mstari hapati nishani.