Makumbusho ya Lamu ni Mlango wa Wageni Peke Yao?

Tulipokuwa Lamu tulikwenda kuitazama nyumba ya makumbusho iliyoko pwani, iliyofunguliwa mwaka 1971. Wageni walikuwa wengi. Wa mji hatukumwona ila bawabu. Tulipotoka tulimuuliza mvuvi mmoja mtu mzima, aliyekuwa akishona jarife lake, kama amewahi kuingia. Akajibu: "Mle mna nini, ndugu yangu? Masanamu na vitu vya Wazungu."

Neno hili tumelisikia mara nyingi, nalo si kweli. Mle mna siwa ya Pate ya pembe ya ndovu, na siwa ya Lamu ya shaba. Ni Mzungu gani aliyepuliziwa siwa katika arusi yake? Hizo zilipulizwa na wazee wetu katika arusi na sherehe zao. Hazikuabudiwa wala hazikuombwa kitu. Mna pia mfano wa mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari, kikaenda kwa tanga la mkeka. Haya ndiyo masanamu? Qur'ani imetuhimiza zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotangulia. Basi vipi iwe aibu kutazama kazi ya mababu zetu, waliokuwa Waislamu kama sisi?

Wako wengine, na hao ni wabaya zaidi. Mdomoni wanausifu urithi, nyumbani wanauuza. Mlango wa nakshi wa babu umeuzwa, kiti cha enzi kimeuzwa, sahani za zidakani zimeuzwa. Kisha mtu analia kuwa wageni wametuibia! Mwizi huja usiku akavunja mlango. Huyu alikaribishwa mchana, na mlango wenyewe akapewa auchukue.

Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Dunia imejua thamani yake. Sisi wenyewe je?

Wala tusidhani kwamba kuweka vitu katika nyumba ya makumbusho kunatosha. Mtepe wa kutazamwa hauvui samaki. Leo hakuna mtepe unaosafiri, kwa kuwa elimu ya kuushona haikushikwa na vijana. Wanavyuoni wametufundisha kuwa kazi za mikono ambazo watu hawawezi kuishi bila ya hizo ni faradhi ya kifaya: zikiachwa na wote, wote wana dhambi. Kuunda jahazi, kusuka malema, kuzijua bamvua na pepo, hizo ndizo riziki za pwani yetu. Je, nazo tunazingojea zifike makumbusho?

Basi, ewe baba, mshike mwanao mkono umpeleke, na babu yake mwende naye. Mtoto asikie habari za mtepe kwa babu yake kabla ya kuzisikia kwa mtu wa kulipwa. Nawe mama, chombo cha bibi yako kilichobaki kabatini usikiuze. Mweleze binti yako kilitumiwaje.

Mwenyezi Mungu atuzindue kabla hatujawa sisi wenyewe vitu vya kutazamwa. Amin.