Malezi ya Imani Katika Nyumba ya Askari

Katika vijiji vya Masinya, wilayani Busia, muhogo haupandwi kwa mbegu. Mvua za Machi zikikaribia, mkulima hukata vijiti kutoka shamba la zamani, lake mwenyewe au la jirani, akavichomeka katika udongo uliokwisha kulimwa. Kijiti chenye afya hutoa shina lenye afya, na kijiti chenye maradhi huyabeba maradhi yake hadi shamba jipya. Katika miaka ya 1990 wakulima wa mashariki ya Uganda walijifunza jambo hilo kwa uchungu, wakati ugonjwa wa batobato ulipodhoofisha mashamba mpaka njaa ikaingia majumbani, ikawalazimu kutafuta vijiti vya aina nyingine vyenye kustahimili.

Imani ya Kikristo nayo hupandwa huko kwa namna hiyo hiyo. Mtoto hukabidhiwa kijiti na bibi yake, ambaye naye alikabidhiwa na mwalimu wa dini aliyefundisha chini ya mwembe. Hujua Sala ya Bwana kwa Kisamia kabla ya kujua kuandika jina lake. Hubatizwa, hupewa jina, na akifikia umri hupata kipaimara. Yote hayo ni mema na wazee wanastahili shukrani. Walakini kijiti kilichochomekwa ardhini bado hakijawa chakula, na palizi ni kazi ya miezi mingi.

Vijana wengi wa Busia na Tororo hutoka vijijini wakaingia jeshini au katika polisi. Kijana wa namna hiyo huondoka nyumbani na sanduku la bati, ndani yake mmefungwa Biblia au rozari aliyopewa na mama yake. Mwaka wa kwanza huifungua. Baada ya uhamisho wa tatu, sanduku limekwisha kuwekwa chini ya kitanda, na juu yake zimepangwa sufuria. Ukimwuliza kama ameacha dini atakasirika, na atakuwa na haki ya kukasirika, kwa maana hakuacha kitu. Kilichotukia ni kwamba kila kambi aliyohamia ilimpokea kwa namba yake na cheo chake, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua habari za roho yake kiasi cha kumwuliza.

Jambo hilo lina uzito zaidi mpakani. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, kwa sababu mnamo mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa mzima wa mashariki kutoka Uganda wakautia katika himaya jirani, ambayo leo ni Kenya. Ndugu wakajikuta katika nchi mbili bila ya kuhama nyumba zao. Ndiyo maana biashara ya kuvuka haikukatika kamwe. Hata neno bodaboda, linalojulikana sasa Afrika Mashariki yote, lilizaliwa huko kwa vijana wa baiskeli waliowaita abiria wa kwenda kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Pamoja na abiria ilipita sukari, sabuni, kahawa na mafuta ya taa; katika miaka ya 1970 magendo yalikuwa riziki ya watu wengi waliokosa njia nyingine.

Basi askari husimama kwenye kizuizi, na mama mwenye kapu la samaki wa Majanji huja na noti iliyokunjwa mkononi kabla hata ya kuulizwa kitu. Askari ana watoto wanne na karo imefika. Hakuna anayeona. Jumapili inayofuata atakuwa katika benchi la pili, suruali imepigwa pasi, na sauti yake katika wimbo itasikika kuliko za wengine. Je, imani ya mtu huyo inakua au inadumaa? Hilo ndilo swali lenyewe. Wahubiri wengi hulikwepa, wakapenda zaidi kuzungumzia wingi wa watu waliohudhuria mkutano wao.

Yohana Mbatizaji hakulikwepa. Injili ya Luka yasimulia kwamba askari walimjia wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaambia wavue sare, wala hakuwapa mzigo wa sala ndefu. Aliwakataza kumnyang'anya mtu kwa nguvu na kumsingizia mtu uongo, kisha akawataka watosheke na mishahara yao. Ni ajabu jinsi jibu hilo lilivyo la kizuizini. Halikugusa anga wala bahari. Liligusa mkono unaopokea noti.

Naye Kornelio, akida wa Kirumi aliyekaa Kaisaria, atajwa katika Matendo ya Mitume kuwa mcha Mungu pamoja na nyumba yake yote. Jambo ambalo wasomaji hulipita upesi ni watu waliomzunguka. Alipotaka kumwita Petro kutoka Yafa aliwatuma watumishi wawili na askari mmoja, na askari huyo naye ametajwa kuwa mcha Mungu. Petro alipofika, alikuta nyumba imejaa jamaa na marafiki wa karibu ambao Kornelio alikuwa amewakusanya. Ofisa yule, katika nchi ya ugenini na katika kazi iliyochukiwa na wenyeji, hakuwa ameilea imani yake peke yake. Alikuwa na watu wa nyumba yake, rafiki, na mdogo wake wa cheo aliyeweza kumwamini kwa safari ya siri ya moyo.

Afrika Mashariki ina mfano wake, nao hauko mbali. Mwaka 1929, huko Namirembe, Mganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda. Wote wawili walikuwa Wakristo wa siku nyingi, na wote wawili walijiona wakavu. Walisoma Biblia pamoja na kuomba pamoja, Mwafrika na Mzungu, katika siku ambazo wawili hao hawakuzoea kuketi sawa. Kutoka hapo na kutoka Gahini, ambako Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifundisha mpaka alipofariki Januari 1936, ukazuka uamsho ulioenea Rwanda, Uganda, Kenya, Tanganyika na kwingineko. Waganda waliwaita watu wake Balokole, yaani waliookoka.

Mikutano mikubwa ya Balokole, kama ule wa Kabale wa mwaka 1935, imesimuliwa sana. Lakini mikutano ilikuja na kupita. Kilichowalea watu hao mwaka baada ya mwaka kilikuwa kikundi kidogo cha kila juma, cha watu waliofahamiana, ambamo kila mmoja alieleza hali yake ilivyo: amegombana na nani, amesema uongo gani, anadaiwa na nani. Kisha likafuata jambo la pili, gumu kuliko la kwanza. Waliolipa, walilipa. Watu walirudisha vitu vya ofisi walivyovichukua, wakalipa kodi walizozikwepa na madeni yaliyokwisha kusahauliwa na wenyewe, wakawaendea wake zao na watumishi wao kuomba radhi. Majirani waliowacheka kwa nyimbo zao waliacha kucheka walipoona jembe lililoibwa limerudi.

Haikuwa safi yote. Walikuwamo waliogeuza maungamo kuwa fimbo ya kuwachapia wengine, wakawataja watu hadharani. Na ugomvi wao na wakuu wa kanisa ulifikia hatua ya wanafunzi 26 kufukuzwa katika chuo cha uchungaji cha Mukono mwaka 1941. Mtu anayemwungama mke wake mbele ya kusanyiko ili yeye aonekane mkweli amemdhulumu mara mbili. Kijiti nacho kina maradhi yake, na mwenye busara hukikagua kabla ya kukipanda.

Hata hivyo malezi hayo yaliwatoa watu walioweza kusimama. Janani Luwum, mwalimu wa shule kutoka Mucwini katika nchi ya Acholi, aliokoka tarehe 6 Januari 1948 kwa ushuhuda wa Yusto Otunnu na mkewe. Mwaka uliofuata alikwenda kusoma Buwalasi, karibu na Mbale. Akawa kasisi, akawa askofu, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Mapema Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake usiku wakidai kutafuta silaha. Nyumba ya Yona Okoth, askofu wa Bukedi mwenye makao yake Tororo, nayo ilipekuliwa. Hakuna kilichopatikana. Maaskofu waliandika barua kwa Rais Idi Amin tarehe 10 Februari, wakalalamika kwamba bunduki zilizotumika katika nyumba hizo zilikuwa zimemwelekea kila Mkristo. Siku sita baadaye Luwum alikamatwa na kuuawa, pamoja na mawaziri wawili: Erinayo Oryema, aliyekuwa Mganda wa kwanza kuliongoza jeshi la polisi, na Charles Oboth-Ofumbi, mwana wa Tororo. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Okoth alikimbilia Kenya. Baada ya Amin kuanguka alirudi, na mwaka 1984 akawa Askofu Mkuu yeye mwenyewe. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda.

Tangu siku aliyookoka Luwum hadi siku aliyokufa ni miaka 29, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilipita katika mambo yasiyoandikwa magazetini: vikundi vya juma, shule, safari za vijijini, nyumba yenye watoto.

Askofu mwenzake Festo Kivengere, mlokole tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940, alivuka milima kwa miguu pamoja na mkewe Mera hadi Rwanda. Alikuwa mhubiri aliyejulikana duniani, na mtu angedhani imani yake imekwisha komaa. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, alitambua kwamba moyo wake umejaa uchungu juu ya Amin, na kwamba uchungu huo unamkausha. Ilimbidi aanze kusamehe kama mtu anayeanza darasa la kwanza, na baadaye aliliandikia kitabu jambo hilo. Askari aliyezika wenzake, na mjane wa askari, watafahamu upesi kuliko wengine kwa nini jambo hilo halikumalizika kwa sala moja.

Sasa turudi kwenye nyumba ya kambini, iwe Rubongi nje ya mji wa Tororo au kambi nyingine yoyote. Zamu hubadilika, na baba akiwa lindoni Jumapili hakuna kanisa kwake. Mama ndiye hubaki na palizi. Robo saa ya jioni, kabla ya watoto kusinzia, yatosha: aya chache zisomwe na mtoto mwenyewe, aulizwe amefahamu nini, na kila mmoja aombe kwa maneno yake. Baba akiwa mbali, simu ya dakika tano yaweza kufanya kazi iliyofanywa zamani na barua. Si lazima pawe na hotuba. Watoto wa askari wamekwisha kusikia amri za kutosha.

Wakatoliki wana Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo katika mkutano wao wa mwaka 1976, na ambazo hukusanya nyumba chache za jirani kila juma. Familia iliyohamishwa ingefanya vema kuitafuta jumuiya ya mahali ilipofika katika juma la kwanza, kabla ya kutafuta hata fundi wa redio. Kasisi wa jeshi, pale alipo, ataonyesha njia. Zipo taabu zake: koplo hawezi kwa wepesi kumwambia luteni makosa yake, na pengine si busara ajaribu, kwa maana kesho watakutana paredi. Balokole waliitana ndugu bila kujali cheo, lakini kambi ina desturi zake. Watu wawili au watatu wa cheo kimoja, wenye ndimi zinazofungika, ni mwanzo wa kutosha.

Linabaki suala la noti ya kizuizini. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, lakini Zakayo aliwajua aliowadhulumu. Mama wa kapu la samaki amepita, na jina lake halijulikani. Askari anayetaka kuanza upya aweza kuanza na yule wa kesho, ampitishe bila ya kupokea kitu. Na aweza kumweleza mkewe ukweli wa fedha zilizoletwa nyumbani, zilitoka wapi. Huo utakuwa usiku mgumu. Pengine mke alikwisha kujua.

Likizo ikifika, askari hupanda gari hadi Busia, kisha hukodi bodaboda hadi Masinya. Bibi yake humkuta njiani, amebeba fungu la vijiti vya muhogo kichwani. Humsalimu, huuliza habari za watoto, hutazama bati jipya linalong'aa juu ya nyumba aliyojengewa na mjukuu wake. Jioni, chakula kikiisha, kabla ya sala, humwuliza lile swali ambalo kambi tatu hazikumwuliza: mwanangu, hili bati lilinunuliwa kwa fedha gani?