Alfabeti ya Marubani na Mtoto Anayeanza Kusoma

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wapo wazazi na walimu ambao, kwa kuuzingatia usemi huu, huwafundisha watoto wadogo alfabeti ya marubani: Alfa, Bravo, Charlie, hadi Zulu. Watoto huifurahia. Hata hivyo, mbinu hii inastahili kutathminiwa kiisimu kabla ya kukaribishwa katika darasa la chekechea.

Maneno hayo 26 yaliidhinishwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga mwaka wa 1956, baada ya orodha ya 1951 kurekebishwa. Lengo lake ni kutofautisha herufi ambazo majina yake hukaribiana kimatamshi, kama vile B, D, P na T, hasa penye kelele. Kwa mfano, herufi Y katika alama 5Y ya ndege zilizosajiliwa Kenya hutajwa redioni kama Yankee.

Alfabeti hii huitwa ya kifonetiki, ilhali haiwakilishi sauti kama ifanyavyo Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa. Uniform kwa kawaida huanza kwa kiyeyusho /j/, si irabu /u/. Mtoto aliyeijua U kupitia ua na uzi atatatizika. Papa, Lima na Tango yanafanana na maneno ya Kiswahili, lakini marubani hutia mkazo kwenye silabi ya mwisho ya Papa, kinyume na kanuni ya Kiswahili. Whiskey nayo si neno la kumjulishia mtoto herufi W. Isitoshe, sauti za Kiswahili kama ng', ny, dh na gh hazina nafasi humo.

Watetezi wake watasema kuwa mtoto anayeomba msaada kwa simu anahitaji kutaja jina lake lisikike barabara, Pendo asiandikwe Bendo. Hoja hii ina uzito. Lakini huo ni ustadi wa kutaja tahajia, nao hutanguliwa na kuzijua sauti na silabi. Anayeanza kusoma hahitaji Papa ili asome pe. Ahitaji kuunganisha p na e.

Suluhisho si kuipiga marufuku alfabeti hiyo, bali kuichelewesha hadi mtoto ajue kusoma, na kumwandalia orodha ya Kiswahili. Kazi hiyo si ya kubahatisha. Bata na paka yanapendeza vitabuni, lakini irabu zake ni zilezile. Katika simu yenye mikwaruzo yatachanganywa. Bendera na pilipili yangefaa zaidi, kwa kuwa yanatofautiana kwa irabu na kwa idadi ya silabi.

Wanafunzi wa fonolojia vyuoni wana ujuzi wa kuteua maneno ya aina hiyo na kuyajaribu masikioni mwa watoto. Wasipofanya hivyo, mtoto wa Kiswahili ataendelea kuazima Whiskey na Yankee ili alitaje jina lake mwenyewe.