Gofu ndani ya safari ya siku mbili: cheza mashimo 9, tena alfajiri

Nimekuwa kimya tangu mwezi jana kwa sababu ya kazi, na sehemu ya kimya hicho niliitumia Mombasa, nikiwawekea wateja programu mpya. Najua mmezoea nikiandika hapa juu ya hifadhidata na seva zinazokataa kuwaka, lakini leo mniwie radhi, nataka tuzungumze juu ya gofu. Naam, gofu. Mambo ya programu yataingia tu, hata nikiyafungia mlango.

Swali ni hili: ukitumwa kazi mji mwingine kwa siku moja au mbili, na fimbo zinakuita, unaweza kupata nafasi ya kucheza bila kumwibia mtu? Nasema kumwibia kwa sababu muda ule una mwenyewe. Jibu langu la leo ni ndiyo, lakini mashimo 9 tu, alfajiri kabla ya kazi, na uwaambie wote wanaohusika. Jibu langu la miaka miwili iliyopita lilikuwa tofauti, na lilimgharimu mtu asiye na hatia. Nitafika hapo.

Kwanza niseme mimi si mtoto wa tajiri. Gofu niliijua kwa baba mdogo, aliyekuwa kedi huko Limuru. Likizo za shule nilikuwa nikimfuata, naokota mipira iliyopotea vichakani na kuiuza. Alinifundisha kushika fimbo kwa kutumia fimbo moja iliyokatika mpini. Kwa hivyo mtu akiniambia huu ni mchezo wa wakubwa wanaotafuta kandarasi, mimi humkumbuka baba mdogo akitembea na mkoba mgongoni, kisha nanyamaza.

Turudi kwenye hesabu. Kosa la kwanza la mtu wa safari ni lile lile la mwandishi wa programu anayeulizwa kazi itachukua muda gani: anahesabu kuandika msimbo tu, anasahau kuujaribu, kuupeleka kwa mteja na kumfundisha mtu kuutumia. Mashimo 18 kwa watu wanne ni kama saa nne ikiwa uwanja hauna msongamano. Sawa. Lakini ongeza kuvuka Daraja la Nyali jioni, ongeza kujiandikisha na kulipa ada ya uwanja, kusubiri zamu yako kwenye tii, kuoga (Mombasa huwezi kurudi ofisini bila kuoga, niamini), kula kitu, na kurudi. Saa nne zimekuwa sita na nusu. Hiyo ni siku nzima ya kazi imevaa kofia ya michezo.

Kosa la pili tunalitoa mitandaoni. Ukisoma ushauri wa Waingereza na Wamarekani, watakuambia maliza mikutano yako kisha ukacheze jioni. Kwao inawezekana. London mwezi Juni jua hutua baada ya saa 3 usiku, na Scotland hukawia hata zaidi, kwa hivyo mtu anatoka ofisini saa 11 na bado ana raundi nzima mbele yake. Sisi tuko ikweta. Mombasa, mwaka wote, jua hutua kati ya saa 12 na kama saa 12 na dakika 40 jioni, na halina kwaheri ndefu: dakika ishirini baadaye huoni mpira miguuni mwako. Ukitoka kwenye mkutano saa 11, umebakiwa na mashimo matano au sita na hasira.

Lakini ikweta ile ile inayotunyima jioni inatupa asubuhi isiyobadilika. Jua huchomoza kati ya saa 12 na saa 12 na nusu, Januari na Julai. Ukiwa kwenye tii mwangaza unapotoka, mashimo 9 yanaisha kama saa 2 na nusu, kabla jua la Pwani halijaanza kukaanga watu. Na mashimo 9 si raundi bandia. Mfumo wa dunia wa handikapu ulioanza 2020 unazipokea alama za mashimo 9, na tangu marekebisho ya 2024 huhitaji hata kungoja raundi nyingine ya 9 ili zihesabike.

Sasa ile hadithi.

Miaka miwili iliyopita tulitumwa Mombasa, mimi na kijana mmoja mwanagenzi aliyekuwa na wiki tatu kazini. Mteja alikuwa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Siku ya kwanza tuliweka programu ya ankara, siku ya pili tukawafundisha wafanyakazi, na kufikia saa 6 mchana kila kitu kilikuwa kimetulia. Treni yetu ya kurudi Nairobi ilikuwa ya saa 4 usiku. Nikaona mbele yangu saa kumi tupu. Nikamwambia kijana, "Kaa hapa uwaangalie, mimi nina shughuli kidogo." Mkubwa wangu alipopiga simu kutoka Nairobi nikamwambia niko kwa mteja, tunamalizia mambo madogo madogo. Wakati huo nilikuwa ndani ya tuktuk naelekea uwanjani.

Nilianza saa 7 na nusu, mashimo 18. Mbele yetu palikuwa na kundi la watu wanne wasio na haraka na dunia, kila mmoja akipima upepo kama nahodha wa jahazi. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, bila sauti, kwa sababu adabu ya gofu inataka hivyo. (Adabu ya kazi inataka vingine, lakini siku hiyo nilichagua adabu iliyonifaa.) Shimo la 11, kedi alipokuwa akinitolea fimbo, akaniambia, "Bosi, simu yako imewaka taa muda mrefu." Simu 14 sikuzipokea.

Yaliyotokea ni haya. Karani mmoja alibonyeza kitufe cha kutuma mara mbili na ankara zikajirudia. Jambo dogo. Mimi ningelirekebisha kwa amri moja ndani ya dakika tano, na ukweli ni kwamba lilikuwa kosa langu, kwani sikukifunga kile kitufe baada ya kubonyezwa mara ya kwanza. Kijana alinipigia, akapiga tena, mteja amesimama nyuma yake anauliza. Mwisho akafanya alichofundishwa chuoni: akarudisha nakala ya akiba. Nakala ilikuwa ya usiku uliopita. Kazi yote ya asubuhi ikafutika. Nilipofika, wafanyakazi walikuwa wameanza kuingiza upya kila kitu kutoka kwenye makaratasi, na walimaliza saa 3 usiku. Treni tuliiona kwenye tiketi tu.

Sehemu inayoniuma si hiyo. Tuliporudi Nairobi, mkubwa aliuliza nani alirudisha nakala bila idhini. Kijana akasema ni yeye. Mkubwa akamgombeza mbele ya wenzake, nami nikawa hapo hapo natazama kioo cha kipakatalishi changu kana kwamba kuna kitu nasoma. Siku mbili nilinyamaza. Siku ya tatu nilienda nikaeleza nilikokuwa. Nilipewa barua ya onyo, na ilinistahili. Lakini kijana alikuwa ameshaonwa na ofisi nzima kama mtu wa kuharibu data, na jina kama hilo haliondolewi kwa tangazo. Mkataba wake wa mafunzo ulipokwisha akaenda kwingine. Tukikutana tunasalimiana vizuri. Huniita bado "kaka", na sijui kama nastahili.

Kwa hivyo ninaposema uwaambie wahusika, sitoi nasaha za kistaarabu. Raundi ya siri ndiyo iliyofanya simu ifichwe. Kama mkubwa na mteja wangejua niko uwanjani hadi saa 12, kijana angepewa namba ya mtu mwingine wa kumpigia, au ningeiacha simu mfukoni inatetemeka na wenzangu wa mchezo wangenielewa. Tena ukilazimika kuomba ruhusa, utagundua mapema kwamba mashimo 18 mchana wa siku ya kazi hayaombeki. Mdomo wenyewe unakataa.

Wako watakaosema, lakini gofu ni kazi, mikataba hufungwa uwanjani. Huenda, kwa wanaouza majengo. Kwa mwandishi wa programu naona ni hatari tupu. Mara moja nilicheza na mteja, na kufikia shimo la 14 nilikuwa nimemwahidi ripoti tatu mpya na moduli ya mishahara, bila daftari, bila bei, huku nikitafuta mpira wake kwenye nyasi ndefu. Kanuni tangu 2019 zinakupa dakika tatu tu za kuutafuta mpira, zamani zilikuwa tano. Nami kwa dakika tatu hizo niliongeza kazi ya miezi miwili. Siku hizi kwenye safari sichezi na mteja. Nacheza na kedi, au na yeyote nitakayemkuta kwenye tii alfajiri.

Februari mwaka huu nilitumwa tena Mombasa, mteja mwingine, siku mbili. Kabla ya kupanda treni nilimwandikia mkubwa barua pepe ya mstari mmoja: Jumatano nitacheza mashimo 9 asubuhi, saa 3 niko kwa mteja. Akajibu "sawa". Mteja naye nikamwambia hivyo hivyo. Fimbo sikubeba, niliazima uwanjani, maana kuburuta mkoba wa fimbo pamoja na kipakatalishi, kebo na nguo za mikutano ni adhabu ya kujitakia. Ila viatu na mipira yangu nilibeba.

Nilienda Mombasa Golf Club, ule uwanja wa kando ya bahari karibu na Likoni, uliopo tangu 1911. Una mashimo 9, na kwa msafiri hilo ni baraka: huna kishawishi cha kusema "ngoja nimalizie". Kedi wangu alikuwa mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya handikapu. Aliuliza, "Kazini waingia saa ngapi, mwanangu?" Nikamwambia saa 3. Akasema, "Basi tusikae tukaangalia meli."

Na meli zipo, hilo nakubali. Zinapita pale chini zikiingia Kilindini, kubwa kama mtaa, na ukisimama kutazama umekwisha. Lakini mzee alinisukuma vizuri. Alinirekebisha pia jambo ambalo watu wa Nairobi tunajisahau: kwetu, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mpira unakwenda mbali. Kule usawa wa bahari hewa ni nzito. Fimbo iliyonifikisha kwenye grini Nairobi, Mombasa iliniacha nyuma mara mbili, mpaka akaacha kuniuliza akawa ananipa tu fimbo kubwa zaidi. Kaskazi ilikuwa inavuma toka asubuhi. Mpira mmoja uliondoka kuelekea kushoto, ukapanda, ukafikiria kidogo, ukaingia Bahari ya Hindi.

Neno moja juu ya malipo. Makedi wengi hawana mshahara, wanalipwa kwa raundi. Ukimchukua mtu alfajiri kwa mashimo 9, usimpe nusu ya raundi ukadhani umefanya hesabu safi. Ameamka saa 10 usiku, amepanda matatu au feri, na huenda zamu yake ya raundi nzima imepita akiwa nawe. Mimi humlipa karibu na raundi kamili, na nikiwa sina uwezo huo basi sina uwezo wa kucheza siku hiyo. Baba mdogo alikuwa akirudi nyumbani na nusu raundi. Najua ilivyonunua.

Tulimaliza saa 2 na dakika 25. Nilipata 47, ambayo si ya kujisifia. Nikaoga, nikanywa chai ya haraka, nikapanda tuktuk, na saa 3 kasoro dakika nne nilikuwa mapokezi. Mama anayesimamia hesabu pale, yule ambaye programu yenyewe ilikuwa inaandikwa kwa ajili yake, alikuja kunifungulia mlango. Alinitazama nywele zilizolowa.

"Karibu mwanangu. Wasema ulikwenda kucheza?"

"Ndiyo mama, mashimo tisa."

"Mipira mingapi imeingia baharini?"

Nikamwambia mmoja. Akacheka, akaniambia marehemu mumewe alikuwa akipoteza mitatu, kisha akaniketisha mbele ya mashine yake na kunionyesha ankara iliyokataa kuchapishwa tangu jana yake jioni. Kitu cha kwanza nilichofungua kutazama ni kile kitufe cha kutuma.