Wali mweupe: ni adui au tunamsingizia?

Mwezi huu tunaongelea kitu ambacho nusura kivunje ndoa ya shoga yangu mmoja hapa Dar: ubwabwa!

Iko hivi. Mume wake alikwenda kupima afya, akaambiwa sukari imeanza kupanda na asipojiangalia ataishia kwenye kisukari. Shoga yangu kwa woga akapiga marufuku wali nyumbani. Haikupita wiki mbili, baba akawa anarudi usiku na kusema, "Nimeshiba." Mnajua tena wanawake tulivyo, mwenzangu akaanza kuhisi nyumba ndogo. Kumbe mzee alikuwa anapitia kwa mama ntilie, anapiga wali nyama sahani mlima, na soda baridi juu yake!

Sasa wali mweupe una kosa gani? Mpunga ukitolewa maganda, punje hubaki na tabaka la pumba na kiini chake. Mashine ikiendelea kukoboa ili mchele uwe mweupe na kung'aa, vyote viwili huondoka, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, vitamini nyingi za kundi B na madini kama magnesiamu. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni wanga. Kikombe kimoja cha wali mweupe ulioiva kina kalori 200 hivi, wanga gramu 45, protini gramu 4, na nyuzinyuzi hazifiki hata gramu 1.

Hili si jambo la leo. Miaka ya 1890 huko Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakilegea miguu, na waliopewa mchele wenye pumba zake wakipona. Kazi yake ilifungua njia ya kugundua vitamini B1, na mwaka 1929 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa kuwa nyuzinyuzi ni chache, wanga huo humeng'enywa haraka na sukari kwenye damu hupanda haraka. Mchele wa kahawia, yaani ule usiokobolewa pumba, una nafuu: kikombe kimoja cha wali wake kina nyuzinyuzi gramu 3 hivi. Lakini tusidanganyane, kalori zake zinakaribiana na za mweupe. Ukijaza mlima, ni mlima uleule.

Kwa hiyo angalia kiasi, na angalia wali unaandamana na nini. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, kabichi, bamia, kachumbari. Robo iwe wali. Robo iliyobaki weka samaki, kuku au maharage. Ule wali maharage tuliouchoka shuleni ni mlo wa maana sana, kwani maharage yanaleta nyuzinyuzi na yanaziba upungufu wa protini ya mchele. Soda weka pembeni, kunywa maji. Na jamani, wali, chapati na viazi kwenye sahani moja, hapana!

Angalizo: kama unatumia dawa za kisukari, ongea na daktari wako kabla ya kupunguza wanga ghafla, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Na shoga yangu je? Alipojua ukweli alicheka mpaka machozi, kisha wakakaa chini wakapanga. Wali umerudi mezani, ila sasa mboga zinapakuliwa kwanza, na mzee anakula nyumbani. Mwezi ujao wanakwenda wote kupima tena.

Mwenzako akiambiwa apunguze kitu, usimpigie marufuku kama mtoto. Atakula tu, ila atakula huko usikomwona. Pangeni sahani pamoja.

Tukutane mwezi ujao, na mlo mwema!